Mamlaka ya Palestina: Kwa Nini Mageuzi Hayamfikii Mpiga Kura

Yasser Arafat alifariki dunia tarehe 11 Novemba 2004 katika hospitali ya kijeshi nje kidogo ya Paris. Siku ile ile Rawhi Fattouh, aliyekuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria la Wapalestina, aliapishwa mjini Ramallah kukaimu urais wa Mamlaka ya Palestina, yenye makao yake mjini humo, kama Sheria ya Msingi, yaani katiba yake ya muda, ilivyoelekeza, na kabla siku 60 hazijatimia wapiga kura wa Ukingo wa Magharibi, Ukanda wa Gaza na Jerusalem Mashariki walikuwa wamekwisha kumchagua Mahmoud Abbas. Mtu aliyeongoza harakati za Wapalestina kwa miaka 35 aliondoka katikati ya machafuko ya Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya ukaliaji wa Israel, na bado nafasi yake ilijazwa kwa karatasi za kura, ndani ya muda uliowekwa na sheria.

Makabidhiano ya aina hiyo hayawezekani tena leo. Baraza lilivunjwa, kiti cha Spika hakina mtu, na Abbas, ambaye Januari 2005 alipewa muhula wa miaka minne, ametimiza miaka 90 akiwa bado madarakani. Na hata hivyo, katika miongo hii miwili, kila anayeizungumzia Ramallah hulitaja neno "mageuzi". Washington imeyadai, Umoja wa Ulaya umeyagharimia, Israel imeyafanya sharti, nchi za Kiarabu zimeyahimiza, na Abbas mwenyewe ameyaahidi tena na tena. Ili kuelewa ni kwa jinsi gani madai mengi kiasi hicho yamezaa utawala usiopigiwa kura, inafaa kulifungua neno lenyewe, kwa kuwa limebeba mambo mawili yasiyofanana. Kwa wafadhili, mageuzi ni hesabu safi za hazina, polisi wenye nidhamu na kiongozi anayeweza kukaa meza moja na Israel. Kwa mkazi wa Hebron au Khan Younis, mageuzi ni uwezo wa kumwondoa anayemtawala. Jambo la kwanza limefanyika zaidi ya mara moja, tena kwa mafanikio. La pili lilifanyika mara moja tu, mwaka 2006, na matokeo yake yaliwatia hofu karibu wote waliokuwa wakilidai.

Mamlaka ya Palestina haikuundwa iwe serikali ya kudumu. Ilizaliwa Mei 1994, kutokana na makubaliano ya Oslo yaliyotiwa saini Washington tarehe 13 Septemba 1993 kati ya Israel na Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, na ilipangiwa kipindi cha mpito cha miaka mitano. Ndani ya miaka hiyo pande mbili zilitakiwa kumaliza mambo mazito yaliyowekwa kiporo, yaani mipaka, Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na usalama. Mei 1999 ilifika, mambo hayo yakabaki yalivyokuwa, na chombo cha mpito kikaendelea kuishi bila tarehe ya mwisho. Makubaliano ya pili ya Oslo, ya Septemba 1995, yalikuwa yameugawa Ukingo wa Magharibi katika maeneo matatu. Katika Eneo A, lenye miji mikubwa, Mamlaka inashika utawala na polisi; katika Eneo B inashika utawala wa kiraia huku neno la mwisho la usalama likiwa la Israel; na Eneo C, ambalo ni takribani asilimia 60 ya ardhi yote, limebaki mikononi mwa Israel. Mgawanyo huo nao ulikuwa wa muda. Leo walowezi wa Kiisraeli katika Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, ni zaidi ya nusu milioni, na karibu wote wanaishi katika Eneo C.

Mamlaka na PLO si kitu kimoja, ingawa mara nyingi huchanganywa. PLO, iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo inayotambuliwa kimataifa kuwa mwakilishi wa Wapalestina wote, wakiwamo wakimbizi wa Lebanon, Syria na Jordan, na ndiyo iliyotia saini Oslo. Mamlaka ni mtoto wake, mwenye kazi ya kuendesha shule, hospitali, mahakama na polisi ndani ya maeneo yanayokaliwa. Abbas anaviongoza vyote viwili, pamoja na chama cha Fatah, na chombo kimoja kinapokwama, uamuzi huhamishiwa katika kingine. Hamas, chama cha Kiislamu chenye silaha na mpinzani mkuu wa Fatah, haijawahi kuwa ndani ya PLO.

Ugumu wa kuongoza chombo cha namna hii unaonekana vizuri tukilifuata kontena moja. Tuseme mfanyabiashara wa Nablus ameagiza majokofu kutoka ng'ambo. Wapalestina hawana bandari wala uwanja wa ndege unaofanya kazi, kwa hiyo kontena linashushwa Ashdod, bandari ya Israel, na ushuru wa forodha pamoja na kodi ya ongezeko la thamani hulipwa hapo hapo kwa Israel. Kwa mujibu wa Itifaki ya Paris ya Aprili 1994, Israel hukusanya fedha hizo kwa niaba ya Mamlaka, hukata asilimia 3 kama gharama ya kazi, kisha kila mwezi hutakiwa kupeleka salio Ramallah, kwa shekeli, kwani Mamlaka haina sarafu yake. Fedha hizi, ambazo Wapalestina huziita maqasa, ni karibu theluthi mbili ya mapato yote ya Mamlaka. Humo ndimo unamotoka mshahara wa mwalimu wa Jenin, muuguzi wa Bethlehem na askari wa Ramallah. Waziri wa fedha wa Israel akikataa kusaini, mwalimu yule hufika benki mwisho wa mwezi akakuta nusu mshahara, au asikute kitu. Tangu mwishoni mwa 2021 watumishi wa Mamlaka wamekuwa wakilipwa pungufu, na kuanzia Mei 2025 waziri Bezalel Smotrich alizuia uhamishaji wa fedha hizo.

Hakuna baraza la mawaziri, liwe na watu waadilifu kiasi gani, linaloweza kupanga bajeti katika hali hiyo. Lakini si kweli pia kwamba kila kasoro ya Ramallah ililetwa kutoka nje, na wanaoitakia Palestina mema hawana sababu ya kulificha hilo.

Arafat alichaguliwa kuwa rais tarehe 20 Januari 1996, siku moja na wajumbe 88 wa Baraza la kwanza la Kutunga Sheria. Wajumbe hao, wengi wao wakiwa wa chama chake, walifanya kazi yao kwa bidii isiyokumbukwa inavyostahili. Mwaka 1997 kamati yao ilichunguza ubadhirifu wa fedha za umma na kutaka baraza la mawaziri livunjwe. Arafat alipolipanga upya mwaka uliofuata, wengi wa mawaziri walirudi. Mwaka huo huo wa 1997 Baraza lilipitisha Sheria ya Msingi ili kuyawekea mipaka madaraka ya rais, na Arafat akaikalia bila kuisaini hadi 2002. Kuhusu fedha, Shirika la Fedha Duniani, IMF, lilieleza mwaka 2003 kwamba kati ya 1995 na 2000 kiasi cha dola milioni 900 hivi za mapato ya umma zilipita nje ya bajeti, sehemu yake ikiwa kodi ya mafuta iliyoingizwa na Israel yenyewe katika akaunti iliyokuwa benki moja ya Tel Aviv. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliwekezwa katika makampuni. Tatizo ni kwamba aliyejua zilipo na aliyeamua ziende wapi alikuwa mtu mmoja na wasaidizi wachache. Makamanda wa vikosi vya usalama walikuwa wakipokea mishahara ya askari wao kwa fedha taslimu, wakaigawa wenyewe. Askari anayelipwa kutoka mkononi mwa kamanda humtii kamanda kabla ya sheria, na vikosi vya Arafat, ambavyo vilikuwa zaidi ya kumi, vilifanana na milki za watu binafsi.

Tarehe 24 Juni 2002, huku Intifada ikiwa imepamba moto na makao ya Arafat mjini Ramallah yakiwa yamezingirwa na vifaru zaidi ya mara moja, Rais George W. Bush alitangaza kwamba Marekani ingeunga mkono taifa la Palestina endapo Wapalestina wangepata viongozi wapya na taasisi mpya. Madai ya wajumbe wa Ramallah, yaliyokuwa yamepuuzwa kwa miaka mitano, ghafla yalipata mdhamini mkubwa, na hapo ndipo yalipobadilika tabia. Salam Fayyad, mchumi aliyekuwa mwakilishi wa IMF kwa Wapalestina, alifanywa waziri wa fedha. Alikusanya mapato katika akaunti moja ya hazina na kuanza kuwalipa askari kupitia benki. Machi 2003 Sheria ya Msingi ilirekebishwa ili kuunda cheo cha waziri mkuu, na madaraka ya serikali ya kila siku, pamoja na usalama wa ndani, yakahamishwa kutoka kwa rais. Waziri mkuu wa kwanza alikuwa Mahmoud Abbas. Alijiuzulu Septemba ya mwaka huo huo, baada ya takribani miezi minne ya kazi, kwa kuwa Arafat hakukubali kuviachia vikosi, na pia kwa kuwa Israel haikumpa chochote cha kuwaonyesha wananchi wake.

Kisha ulikuja uchaguzi wa Baraza wa tarehe 25 Januari 2006. Hamas, iliyoususia ule wa 1996, iliingia na orodha iliyoitwa Mabadiliko na Mageuzi. Baraza sasa lilikuwa na viti 132, nusu vikigawanywa kwa uwiano wa kura za kitaifa na nusu kwa wilaya. Katika kura za kitaifa pengo lilikuwa dogo, Hamas asilimia 44 na Fatah asilimia 41, na hivyo viti 29 kwa 28. Wilayani mambo yalikuwa tofauti kabisa, kwa sababu watu wa Fatah walioshindwa kuteuliwa na chama chao walijitokeza kama wagombea binafsi na kugawana kura na wenzao, wakati Hamas ilisimamisha majina yake kwa nidhamu. Hamas ilipata viti 45 vya wilaya na Fatah 17. Jumla ikawa 74 kwa 45. Wapalestina wengi waliipigia Hamas kura kwa kuuchoka ufisadi, na mfumo wa uchaguzi pamoja na fujo za ndani za Fatah ziliugeuza ushindi mwembamba kuwa mafuriko.

Waangalizi wa kimataifa waliusifu uchaguzi huo. Marekani, Umoja wa Ulaya, Urusi na Umoja wa Mataifa ziliitaka serikali mpya iitambue Israel, iache matumizi ya nguvu na iheshimu makubaliano yaliyotangulia. Hamas, iliyokuwa imeua mamia ya raia wa Israel kwa mabomu ya kujitoa mhanga, ilikataa. Misaada ilisitishwa, Israel ikazuia fedha za forodha, na kuanzia katikati ya 2006 ikawakamata wajumbe kadhaa wa Baraza wa Hamas, akiwamo Spika Aziz Dweik. Kilichofuata ndicho kiini cha mkwamo wa leo. Wafadhili waliokuwa wametumia miaka mitatu kuhamisha madaraka kutoka ofisi ya rais kwenda kwa waziri mkuu, sasa walitaka yarudishwe kwa rais, kwa sababu waziri mkuu alikuwa Ismail Haniyeh na rais alikuwa Abbas. Fedha zilitafutiwa njia za kuipita serikali, na walinzi wa rais wakaimarishwa. Mtu anaweza kuelewa kwa nini serikali za Magharibi hazikutaka kuilipia Hamas mishahara. Hata hivyo, kila Mpalestina aliyekuwa macho alipata somo kwamba muundo wa dola yake hubadilishwa kulingana na jina la aliyeshika cheo.

Makubaliano ya kugawana madaraka yaliyofikiwa Makka Februari 2007 hayakudumu hata nusu mwaka. Juni 2007 Hamas ilitwaa Gaza kwa mtutu, baada ya siku kadhaa za mapigano ambamo watu walitupwa kutoka magorofani, na Abbas akamfukuza Haniyeh na kumteua Fayyad kuwa waziri mkuu. Toka hapo kukawa na tawala mbili. Gaza iliwekewa mzingiro na Israel, ikitawaliwa na Hamas ambayo nayo haikurudi tena kwa wapiga kura. Huko Ramallah, Baraza lilikosa akidi, na Abbas akaanza kutawala kwa kifungu cha 43 cha Sheria ya Msingi, kinachomruhusu rais kutoa amri zenye nguvu ya sheria kukiwa na dharura isiyoweza kusubiri kikao cha Baraza. Kifungu hicho kinataka amri hizo zipelekwe mbele ya Baraza katika kikao chake cha kwanza kinachofuata. Kikao hicho hakijafanyika, na amri zimekuwa mamia.

Ni katika ombwe hilo Fayyad alipofanya mageuzi ya aina ya kwanza kwa ufanisi ambao haujarudiwa. Polisi waliovaa sare walirudi katika mitaa ya Nablus na Jenin iliyokuwa imetekwa na magenge, bajeti zikachapishwa, na Agosti 2009 akatangaza mpango wa miaka miwili wa kujenga taasisi za taifa bila kusubiri mazungumzo. Kufikia 2011 Benki ya Dunia na IMF zilithibitisha kwamba Mamlaka ilikuwa na uwezo wa kusimamia uchumi wa nchi huru. Fayyad alikuwa ametimiza masharti ya mtihani, na cheti alichopewa hakikufungua mlango wowote. Makazi ya walowezi yaliendelea kupanuka. Wapalestina walipokubaliwa kuwa wanachama wa UNESCO Oktoba 2011, Israel ilizuia fedha za forodha, na ilizizuia tena baada ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuwapa hadhi ya taifa mwangalizi kwa kura 138, tarehe 29 Novemba 2012. Fayyad alijiuzulu Aprili 2013. Chama chake kilikuwa kimepata viti viwili mwaka 2006, kwa hiyo hakuwa na umati wa kumtetea dhidi ya Fatah. Naamini alikuwa mtumishi bora wa umma kuliko wote waliopita katika ofisi ile, na ndiyo maana kushindwa kwake kunafundisha zaidi: taasisi zilizojengwa bila Baraza la kuzisimamia zilibaki mali ya yule aliyeweza kumteua na kumwondoa mjenzi.

Desemba 2018 Mahakama ya Katiba, ambayo Abbas mwenyewe aliiunda mwaka 2016, ililivunja Baraza la 2006 na kuagiza uchaguzi ndani ya miezi sita. Haukufanyika. Januari 2021 Abbas alitangaza tarehe: 22 Mei kwa Baraza, 31 Julai kwa urais. Mwitikio ulikuwa mkubwa kuliko wengi walivyotarajia. Zaidi ya asilimia 93 ya wenye haki walijiandikisha na orodha 36 za wagombea zilisajiliwa. Miongoni mwake zilikuwapo mbili zilizoipasua Fatah: ile ya Nasser al-Qudwa, mpwa wa Arafat, akiungwa mkono na Marwan Barghouti, kiongozi maarufu wa Fatah aliyeko gerezani Israel, na ile ya wafuasi wa Mohammed Dahlan, aliyekuwa mkuu wa usalama huko Gaza kabla ya kufukuzwa Fatah. Mgawanyiko wa 2006 ulikuwa unajirudia mbele ya macho ya kila mtu. Tarehe 29 Aprili Abbas aliahirisha uchaguzi wote, akieleza kwamba Israel haikuwa imekubali kura zipigwe Jerusalem Mashariki.

Sababu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika chaguzi za 1996, 2005 na 2006 sehemu ya wakazi wa Jerusalem Mashariki walipiga kura ndani ya ofisi za posta za Israel, ili Israel iweze kusema kuwa ni watu wanaotuma barua na Wapalestina waweze kusema kuwa mji wao umepiga kura. Mwaka 2021 Israel haikutoa jibu kuhusu posta hizo. Hata hivyo, tume ya uchaguzi ya Wapalestina ilieleza kwamba wapiga kura waliotegemea posta walikuwa 6,300 hivi, ilhali wengine wapatao 150,000 wa eneo la Jerusalem wangeweza kupiga kura katika vitongoji bila kibali cha Israel. Jerusalem ni jambo la heshima na haki ambalo hakuna Mpalestina anayelichezea, na kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa kinga imara kwa uongozi uliokuwa ukielekea kushindwa. Wiki nane baadaye Nizar Banat, mkosoaji wa Mamlaka aliyekuwa mgombea katika mojawapo ya orodha hizo, alifariki mikononi mwa vikosi vya usalama vilivyomkamata usiku. Mpalestina aliyezaliwa baada ya Januari 1988 hajawahi kuchagua bunge.

Shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, lililoua watu wapatao 1,200 nchini Israel, na vita vya Gaza vilivyofuata, ambavyo wizara ya afya ya Gaza inahesabu waliouawa kuwa makumi ya maelfu, viliurudisha wimbo wa mageuzi kwa nguvu mpya. Machi 2024 Abbas alimteua Mohammad Mustafa, mchumi mwingine, kuwa waziri mkuu. Februari 2025 aliufuta kwa amri mfumo wa malipo kwa wafungwa na familia za waliouawa, ambao Israel inauona kuwa tuzo kwa wauaji na Wapalestina wengi wanauona kuwa wajibu kwa familia zilizobaki bila mlezi, na badala yake misaada ikatakiwa kutolewa kwa kuangalia hali ya umaskini. Israel ilikuwa ikizikata fedha za forodha kwa sababu ya malipo hayo tangu 2019. Amri ilipotoka, haikuziachilia. Aprili 2025 Baraza Kuu la PLO liliunda cheo cha makamu, nacho akapewa Hussein al-Sheikh, mtu wa karibu wa Abbas. Septemba Uingereza, Kanada, Australia na Ufaransa ziliitambua Palestina, baada ya Abbas kuahidi kwa maandishi kwamba uchaguzi ungefanyika ndani ya mwaka mmoja. Novemba, azimio namba 2803 la Baraza la Usalama liliiweka Gaza chini ya Bodi ya Amani, chombo cha kimataifa cha mpito, hadi Mamlaka itakapokuwa imekamilisha mageuzi yake kwa kuridhisha.

Wa kuridhishwa katika azimio hilo hakutajwa kuwa ni mkazi wa Gaza. Mtiririko mzima wa 2025 ni uleule: matakwa hutoka nje, hutekelezwa kwa amri ya mtu mmoja, na kwa kuwa hakuna Baraza, hakuna mahali ambapo mwalimu wa Jenin au mjane wa Deir al-Balah anaweza kuuliza kwa nini. Jambo linaloonyesha hali hii kuliko yote ni suala la urithi. Novemba 2024 Abbas aliamuru kwamba kiti chake kikiwa wazi, Rawhi Fattouh, yule yule wa 2004, akikalie kwa muda. Safari hii hakutajwa kama Spika aliyechaguliwa na wananchi, maana hayupo; alitajwa kwa sababu anaongoza Baraza la Kitaifa la PLO. Oktoba 2025 amri nyingine ilimwondoa na kumweka al-Sheikh, na kuagiza uchaguzi ndani ya siku 90. Kilichokuwa kifungu cha sheria kimekuwa jina linaloandikwa na kufutwa.

Abbas na Emmanuel Macron walitangaza Novemba 2025 kamati ya pamoja ya kusaidia kuandika katiba, na kazi hiyo ina thamani yake. Lakini uchaguzi ulioahidiwa unahitaji vitu vinavyoshikika: masanduku kuvuka vizuizi vya barabarani kati ya Nablus na Hebron, daftari la wapiga kura wa Gaza ambako mitaa mizima haipo tena, kauli ya wazi kama Hamas itaruhusiwa kusimama au la na nani ataamua hivyo, na ahadi ya Fatah, Israel na wafadhili kwamba mshindi wasiyempenda hataondolewa kwa mlango wa nyuma kama ilivyokuwa 2006. Na tarehe itakapotangazwa, tume itauliza swali lile lile ililouliza mwaka 2021: posta ya Mtaa wa Salah al-Din mjini Jerusalem itafunguliwa siku hiyo, na kama haitafunguliwa, je, wale wengine 150,000 wataruhusiwa na viongozi wao kupiga kura?